Cherehani ya kuunganishia vipande vya mfarishi
Dada, umeuliza kama ununue cherehani yenye mishono 100 ya mapambo ili uunganishe vipande vya mfarishi, yaani lile shuka zito la vipande vya kitambaa vilivyoshonwa pamoja. Usihangaike nayo. Kazi hii ni ya mshono ulionyooka tu, robo inchi kutoka ukingoni. Ukizidisha milimita 1, kila mshono unakula milimita 2, moja kila upande. Mishono 8 ikifuatana umeshapoteza milimita 16, na kona hazikutani tena! Tafuta yenye mguu wa robo inchi, yaani kile kibanio kinachokandamiza kitambaa na kukuonyesha upana huo, na bamba la chini ya sindano liwe na tundu dogo la duara, maana tundu pana humeza ncha za vipande vya pembetatu. Cherehani ya Singer 221, iliyotoka 1933, inashona mshono ulionyooka peke yake, na washonaji wa mifarishi bado wanaitafuta.