Wanaopiga remiksi Tanga, hizo vokali mnatoa wapi?

Juzi kati dogo mmoja wa Makorora kaniletea flashi, braza sikiliza hii taarab nimeigeuza singeli, nikaichomeka kwenye spika za studio, biti iko poa kabisa lakini sauti ya yule mama inatoka kama anaimba ndani ya pipa la maji. Nikamuuliza vokali umetoa wapi, akajibu nimedaunlodi video nikaigeuza MP3. Nikamwambia kaa hapa tuongee, na nyie wengine someni maana wengi mna tatizo hilo hilo.

Mimi yalinikuta kwenye harusi Ngamiani. Remiksi yangu kwenye simu ilikua tamu, ikafika kwenye yale maspika marefu watu wakaanza kuangaliana. Sauti iliyomo kwenye video ya mtandaoni ishabanwa tayari, mara nyingi inacheza kwenye 128 kbps hivi (kipimo cha data ya sauti kwa sekunde, ikiwa ndogo sauti imebanwa zaidi), sasa wewe unaenda kwenye saiti ya kukonvati unachagua 320 ukidhani umepata kitu kikali, hamna, faili limenenepa tu na bando limeliwa, kilichokatwa mwanzo hakirudi. Alafu taarab inakwenda taratibu, singeli inapita BPM 200, yaani mapigo 200 kwa dakika, ukiikimbiza sauti iliyobanwa ndio mashimo yote yanaonekana, na ukimaliza unaitoa MP3 inabanwa tena.

Na hizo saiti muwe makini, kile kitufe kikubwa cha kijani mara nyingi ni tangazo, ikikuletea APK, yaani faili la kuweka programu kwenye simu, achana nayo. Mimi niliiweka, simu ikawa inajifungulia matangazo usiku kucha mpaka nikafuta kila kitu.

Kuna wanaosema remiksi ni wizi, sikubali hata kidogo. Tanga hii ndio mji wa bendi za taarab Black Star na Lucky Star, wazee wetu waliichukua taarab wakaitia magitaa ya umeme, nao walichanganya. Na kule Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960 mafundi walikua wanatoa vokali wanabakisha besi na ngoma, muziki wa dub ukazaliwa hapo, ila wale walikua na mkanda wenyewe mkononi, na hiyo ndio pointi yangu, nenda kwa mwenye mkanda!

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aipange upya, akifariki haki inabaki kwa warithi, na kuandika chini ya video "similiki wimbo huu" hakukusaidii kitu. YouTube wana mfumo wa Content ID tangu 2007, unalinganisha unachopandisha na kazi walizosajili wenye haki, hela inaweza kwenda kwao au video ikafungwa, na ukipigwa straiki 3, yaani maonyo ya hakimiliki, ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufutwa.

Mimi baada ya ile harusi nilimtafuta mjane wa mpiga akodiani mmoja hapa mjini, nikapiga hodi, shikamoo bibi, nikamweleza shida yangu. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Jina lake utaliandika?" Nikamwambia litatangulia langu. Tukaandikiana karatasi, nani anapata nini, mwanawe akashuhudia, ndipo akanitolea kaseti. Niliirekodi kwenye kompyuta kwa faili la WAV, inakula kama MB 10 kwa dakika lakini haibani kitu. Kaseti ina ule mvumo wake, sawa, ila mvumo unapunguzika na sauti inabaki nzima, hata nilipoikimbiza haikupasuka.

Nilimrudishia kazi kabla haijatoka popote. Akasikiliza mpaka mwisho kainamisha kichwa, akasema, "Mjukuu wangu, hiyo ngoma yako ipunguze, akodiani ya babu yako umeificha."

Nikaipunguza.