Kabla hujalipa, uliza kabati limesimama wapi

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hakuna mtu anayepokea noti ya dola bila kuikagua. Mwaka 2022 nilimpa kijana wa kibanda cha M-Pesa noti sita za ishirini ishirini. Akazigeuza moja baada ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga, akapitisha kidole ukingoni. Angekuta mchaniko wa urefu wa punje ya mchele angenirudishia: "Mama, hii haipiti." Simlaumu, na mimi hufanya vilevile. Lakini zile dola 120 zilikuwa za kununua kabati ambalo sikuwa nimeligusa hata kwa kidole. Nilikuwa nimeliona kwenye simu tu.

Nyumba yetu ilikuwa Buhene, kaskazini mwa mji. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulitoka na watoto, mfuko wa karatasi za shule, na godoro moja ambalo mume wangu alilibeba kichwani mpaka akachoka akaliacha njiani. Vitu vingine vyote lava ilivifunika. Mtu anayeingia nyumba ya kupanga bila hata kiti cha kukalia hawezi kwenda kwa seremala kuagiza saloni mpya, yaani seti ya viti vya sebuleni. Ananunua okazio, yaani vitu vilivyokwisha kutumika. Na siku hizi okazio haiko barabarani pekee, iko kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook: picha tatu, bei, namba ya simu, na maneno yaleyale, "iko bien, bei ni ya kuongea". Wafanyakazi wa mashirika wakimaliza mikataba wanauza, familia zinazohama mji zinauza, na makomisioneri, yaani madalali, wanauza vya wengine. Kwa sisi tulioanza upya ilikuwa neema kubwa. Kitanda cha watoto wangu na meza tunayolia chakula vimetoka huko, kwa hiyo siandiki haya kumtisha mtu asinunue.

Tangazo la lile kabati lilisema: libuyu, milango mitatu, halina kasoro, dola 150. Nikaomba apunguze, tukaelewana 120. Nikamuuliza kama mbao ni libuyu kweli. "Libuyu, mama." Nikauliza kama milango inafunga. "Inafunga." Kila nilichouliza kilikuwa cha ndiyo au hapana, na kila mara alinipa ile ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kisha akasema kuna watu wawili wengine wanalitaka, nitume pesa ili aniwekee. Nikatuma.

Lilifika kwetu Ndosho saa kumi jioni juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, vijana wawili wakilisukuma, jasho likiwatoka. Walipolishusha, mmoja wao akachukua kitu kilichokuwa kimefungwa kwenye gunia akaniuliza kwa heshima kabisa: "Mama, na hili jiwe tuliweke wapi?" Lilikuwa jiwe la lava, limechongwa upande mmoja likawa bapa, na juu yake kuna alama ya vanishi. Lile jiwe ndilo lililokuwa mguu wa nne wa kabati.

Nikazifungua tena zile picha tatu. Zote zilikuwa zimekatwa kiganja kimoja juu ya sakafu.

Mbavu na milango zilikuwa libuyu kweli, ile mbao nyekundu nzito inayotoka upande wa Beni na Ituri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu hakuwa amesema uongo mtupu. Lakini sehemu ya chini na mgongo ulikuwa ule ubao wa unga wa mbao ulioshikamanishwa kwa gundi, na ulikuwa umeshakunywa maji. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama kama kwenye andazi lililolowa chai. Nilipompigia muuzaji alinijibu kwa sauti ya upole: "Lakini mama, miguu hukuuliza." Nikakosa la kumjibu. Usiku ule nililala nikihesabu mambo ambayo dola 120 zingefanya, ila kilichoninyima usingizi zaidi ni ule upole wake.

Mtoto wa jirani yangu anasoma sheria. Aliniambia kwamba dikrii, yaani amri ya kisheria, ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado tunaitumia Kongo, inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika, lakini si kwa ile ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe. Tafakari hapo. Mguu uliokosekana ningeuona kama ningeenda. Ubao uliooza chini ningeuona kama ningeinama. Sikwenda, sikuinama. Kwenda mahakamani kwa ajili ya kabati la dola 120 kungenigharimu kuliko kabati lenyewe, basi nikaacha. Lakini maneno ya yule kijana yalinifundisha kitu: hata sheria inamtaka mnunuzi afungue macho yake kwanza.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji yeyote haligusi mbao wala bei. Namuuliza: hicho kitu kimesimama wapi? Chumba gani, kimeegemea ukuta upi, kimekaa hapo miaka mingapi, na kwa nini kinaondoka? Maswali haya hayana ndiyo wala hapana. Anayejua kitu chake atakueleza bila kutafuta maneno: kilikuwa chumba cha wageni, hakuna aliyekitumia, tunahamia Bukavu na mashua haitakipokea. Anayeficha ataanza kuzunguka, au atakwambia "kiko safi tu, mama, njoo uchukue", na komisioneri ambaye hajawahi kuingia nyumba hiyo atanyamaza. Kunyamaza nako ni jibu.

Na kwetu hapa swali la mahali lina uzito wake. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa, mvua ikipita ndani yake inashuka na asidi, na mabati yetu yanapata kutu mapema kuliko ya miji mingine. Bati likitoboka, maji yanatiririka ukutani nyuma ya kabati ambako hakuna anayeangalia. Ndiyo maana kabati la Goma unaanza kulikagua mgongoni. Vyuma vya vitanda na viti vivyo hivyo: rangi mpya iliyopakwa jana juu ya kutu haidumu hata msimu mmoja wa mvua, ukikwangua kidogo kwa ukucha karibu na skrubu utaona.

Usikubali picha peke yake. Omba video moja isiyokatwa, mtu atembee akizunguka kitu, afungue kila mlango, avute kila droo, ashushe simu mpaka sakafuni. Mwambie aweke chupa ya maji pembeni ili uone ukubwa. Muuzaji mwaminifu hukasirika kidogo kwa usumbufu, halafu anafanya. Na kabla ya yote pima mlango wa nyumba yako. Dada yangu alinunua divani (sofa) nzuri sana, haina hata doa, ikalala uani siku mbili kwa sababu nyumba yake ya mbao ina mlango mwembamba. Hapo muuzaji hakuwa na kosa lolote.

Ukifika, usianze na sehemu inayong'aa. Vuta droo uitoe kabisa, uangalie nyuma yake na chini yake, mahali ambapo fundi hakupaka vanishi. Mbao ya kweli utaona mistari yake inaendelea mpaka kwenye ncha. Ubao wa gundi unaonyesha chembechembe, kama ugali uliokauka. Tandika karatasi nyeupe chini, ugonge mguu wa kiti au kitanda kwa ngumi: ukiona unga laini umeanguka, bungua wako ndani na bado wanakula. Matundu peke yake si neno, huenda walishakufa zamani. Unga mpya ndio wa kuogopa. Ingiza pua kwenye droo unuse, ukungu haufichiki kwa vanishi.

Kitanda, godoro au divani, washa tochi ya simu uchunguze mishono na matundu ya skrubu. Vidoti vyeusi vilivyokaa pamoja ni alama ya kunguni. Usidanganywe na maneno "kitanda hakijalaliwa tangu mwaka jana", kwa maana kunguni anaweza kukaa miezi bila kula na bado akawa hai. Hili sina subira nalo kabisa. Mguu uliovunjika unamuumiza aliyenunua, lakini kunguni wanaingia kwa jirani pia.

Pesa: toa ya chukudu tu kabla ya kuona, na hata hiyo mpe mwenye chukudu mwenyewe. "Kuna wengine wawili wanalitaka" ni maneno ya kukuharakisha. Kama kweli wapo, basi mwache awauzie wao. Mimi nimekosa vitu viwili vizuri kwa msimamo huu na sijajuta.

Sasa niseme juu ya wauzaji waaminifu, kwa sababu wapo na ni wengi kuliko tunavyodhani. Meza yetu niliinunua kwa muzee mmoja wa mtaa wa Himbi. Kabla sijauliza lolote alinitumia picha ya mguu mmoja uliozungushiwa waya. Aliandika: "Mama, huu ulivunjika, fundi aliugandisha. Usinunue kabla hujauegemea." Nilienda, nikauegemea kwa uzito wangu wote, yeye akiwa amesimama pembeni mikono nyuma. Aliomba dola 45. Kwa desturi ningesema 30. Nilimpa 45. Huo ndio ushauri wangu mwingine, na najua wengi hawataupenda: mtu akikuonyesha kasoro mwenyewe, usiitumie kumnyonga kwenye bei. Ukimwadhibu aliyesema kweli, mara nyingine atakata picha juu ya miguu kama wengine.

Mwaka jana zamu ya kuuza ilitufikia. Divani yetu ilikuwa imenyeshewa upande mmoja, doa likabaki chini ya kitambaa, na springi moja ilikuwa imelegea. Binti yangu wa miaka kumi na minne alikuwa anapiga picha. Alipiga mbele, akapiga pembeni, kisha akashika ukingo wa kitambaa akaniuliza: "Mama, na hapa niinue?" Nilikaa kimya kitambo. Nilikuwa nimepanga kuomba dola 100 na nilizihitaji kwa ada ya shule. Nikakumbuka lile jiwe kwenye gunia.

"Inua," nikamwambia.

Tuliweka picha ya doa iwe ya pili, tukaandika springi iliyolegea iko upande gani, bei dola 80. Watu watatu walioandika "naitaka" walipotea walipoiona. Wa nne alikuwa mama wa Katoyi, akaja na kaka yake seremala. Hakuketi mahali pazuri. Alienda moja kwa moja kwenye ile springi, akaikalia, akainuka, akaikalia tena. Kaka yake akaipindua divani, akaangalia chini, akasema inatengenezeka. Tukaelewana 75.

Akahesabu noti mezani, kisha ya mwisho akaitenga na zingine kabla sijanyoosha mkono. "Hii ina mchaniko hapa kwenye kona, niliuona asubuhi. Kesho nitakuletea nyingine." Nikawaacha wapakie divani kwenye chukudu. Kesho yake saa mbili asubuhi mtoto wake alikuwa mlangoni na noti ya dola kumi iliyokunjwa ndani ya karatasi ya daftari.