Kinyonga Aliyekataa Kula

Wiki hii mmetuuliza: "Je, umewahi kumuuguza mnyama wa nyumbani aliyeumia akakataa kula, na ulifanyaje?"

Nimewahi, na mnyama mwenyewe ni kinyonga. Ninaishi Hamburg, Ujerumani, ambako yapo maduka yanayouza wadudu hai kwa ajili ya wanyama wa aina hii, lakini nilizaliwa na kulelewa Lushoto, ambako sisi watoto tulimkimbia kinyonga tukimwona juu ya ua, na hadi leo mama yangu akipiga simu hamtaji kwa jina lake; huuliza tu, "Huyo mgeni wenu hajambo?" Mgeni mwenyewe ni wa jamii ya Yemeni, wale wenye kilemba kirefu cha mfupa kichwani, na alizalishwa hukuhuku Ulaya. Binti yangu alimwita Babu kwa sababu ya ile tabia yake ya kuyumbayumba kabla ya kukanyaga.

Aliumia kwa uzembe wangu. Majira ya joto nzi walizidi, nami nikaning'iniza utepe wa gundi dirishani, karibu na mti uliopandwa kwenye chungu ambao Babu huachiwa autembelee mchana. Nzi mmoja aliyenasa alikuwa bado anapiga mbawa, na kwa kuwa kinyonga hulenga kinachotikisika, ulimi ulifyatuka ukaishia kwenye gundi. Nilimkuta ameng'ang'ania tawi kwa miguu yote minne, macho yakizunguka kila moja upande wake, na ulimi umenyooka mbele yake kama uzi uliofungwa kigingini.

Hapo mkono hutaka kuvuta, na kuvuta ndiko kunakoharibu, kwa sababu ulimi huo ni msuli uliojikunja juu ya kifupa chembamba kama njiti, na ukishachanika hakuna wa kuushona ukarudi kama ulivyokuwa. Nilikata utepe kwa mkasi kuzunguka ncha ya ulimi, nikaufunika kwa kitambaa safi kilicholowa maji ili usikauke, nikamtia katika kisanduku chenye kijiti cha kushikilia, tukaenda kwa daktari wa mifugo anayewajua wanyama watambaao. Yeye aliilainisha gundi kwa mafuta ya kupikia, akausafisha ulimi, akaurudisha kinywani, kisha akamchoma sindano ya kupunguza maumivu na uvimbe. Alituonya kwamba huenda usifyatuke tena, ingawa kinyonga wa namna hiyo anaweza kujifunza kukamata kwa taya. Dawa za maumivu tunazotumia sisi binadamu alizikataza kabisa.

Siku za mwanzo nilikuwa na wasiwasi wa chakula tu, na nadhani ndilo kosa la wengi wetu, kwa kuwa tumelelewa kuamini kuwa mgonjwa akila amepona. Kwa kinyonga mambo huenda kinyume. Mwili wake hupata joto kutoka nje, na akiwa baridi tumbo halisagi, chakula kinakaa humo na kuoza; akiwa amekaukiwa maji, chakula huzidi kuzielemea figo. Kwa hiyo nilianza na joto na maji. Chini ya taa yake nilihakikisha kipimajoto kinasoma nyuzi 30 mchana, upande wa pili wa kizimba ukabaki na ubaridi ili aweze kuukimbia moto, na usiku taa zote zilizimwa. Vijiti nilivishusha karibu na sakafu asije akaanguka, na pande tatu za kizimba nikazifunika kwa kanga, kwa sababu kinyonga anayetazamwa hapumziki.

Maji hayanywi bakulini. Huyanywa yakiwa matone juu ya majani. Nilinyunyizia majani maji ya uvuguvugu mara tatu kwa siku, na Babu aliposhindwa kuyalamba nilidondosha tone mojamoja kwenye ncha ya mdomo kwa kitonesho, nikingoja ameze kabla ya kuongeza jingine, kwa maana tundu la pumzi limo humohumo sakafuni mwa kinywa na maji yakipotea njia huingia mapafuni. Nilijua anapata maji ya kutosha kwa kutazama choo chake: ile sehemu ngumu, ambayo ndiyo mkojo, ilikuwa ya rangi ya chungwa siku ya pili, na kufikia siku ya nne ilikuwa nyeupe. Macho nayo yalikuwa yameacha kuzama.

Siku ya tano daktari aliruhusu uji wa unga maalumu wa wanyama wagonjwa, nusu mililita kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hapa nakiri nilishindwa. Kumfungua kinywa nilimvuta taratibu ngozi ya kidevuni, kama nilivyoelekezwa, naye akafungua, lakini aligeuka mweusi tangu kilemba hadi mkia na kubaki hivyo hadi jioni, na mizani ya jikoni, ambayo siku ya ajali ilionyesha gramu 131, sasa ikaonyesha 122, kisha 118. Nilimpigia daktari, naye akakubali tusimame siku tatu maadamu maji yanaingia. Sisemi kulisha kwa nguvu ni kosa siku zote, kwani wapo wanaookolewa nako. Ninachosema ni kwamba kwa huyu wetu vita vilimla kuliko njaa.

Siku ya tisa, binti yangu alining'iniza ua la haibiskasi kizimbani, kwa urembo tu. Kinyonga wa Yemeni hula na majani, jambo ambalo jamaa zake wengi hawalifanyi, na asubuhi ile Babu alisogea, akaligeuzia jicho moja, kisha la pili, akanyoosha shingo na kuuma ukingo wa jani. Alitafuna polepole sana, kichwa kikitikisika. Hatukuthubutu kuhema.

Kuanzia hapo tulimpa viwavi vya hariri, ambavyo ni laini na vina maji mengi. Nilivishika kwa koleo ndogo, nikavileta pembeni mwa mdomo, si mbele, ili asishawishike kufyatua. Baadaye zilifuata nyenje, zikiwa zimeshiba karoti na mboga za majani tangu jana yake na kupakwa unga wa kalsiamu, kwani wadudu wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Na taa yake ya UVB, inayotoa miale kama ya jua, niliibadilisha, kwani bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D ya kuitumia kalsiamu yenyewe. Nyenje zilizobaki niliziondoa kila jioni, maana usiku humtafuna mgonjwa akiwa amelala.

Wasomaji walio nyumbani wasichukue vipimo hivi na kuvitumia kwa vinyonga wa milima yetu. Wa Usambara wamezoea baridi na ukungu, na joto la mnyama wa Yemeni litawaua. Aidha wanyamapori huhitaji kibali kuwafuga, na aliyeokotwa amejeruhiwa ni wa kupelekwa kwa maofisa wa wanyamapori. Mama nilimweleza kuwa mwaka 2006 wanasayansi walilichukua neno letu wakaipa jenasi nzima ya vinyonga wa Afrika Mashariki jina la Kinyongia. Alicheka, lakini hakulitaja.

Sasa ni mwezi wa saba tangu aumie. Babu ana gramu 134, ulimi unafyatuka kiasi cha vidole vitatu, na kinachokuwa mbali zaidi hukifuata kwa miguu.

Msomaji, Hamburg