Nimepata Uuguzi, Naogopa Kudisko

SWALI: Mama Mkunga, shikamoo. Natoka Newala, nimemaliza kidato cha sita PCB na nimechaguliwa kusoma shahada ya uuguzi Muhimbili. Kaka mmoja hapa jirani amenipa flashi yenye madesa, yaani notsi za wanafunzi waliotangulia, ya anatomia. Tangu Agosti nakariri majina ya mifupa. Kesho yake yamepotea. Nasikia wengi hudisko, yaani huondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza. Baba naye anataka kuuza korosho mapema aninunulie kompyuta. Nifanye nini kabla chuo hakijafunguliwa? — Binti wa Newala

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Hayo madesa yaweke kando kwanza. Aliyeyaandika alikuwa ameshaelewa. Wewe umeachiwa majina matupu. Nayajua mateso hayo. Mwaka wangu wa kwanza nilikesha nikikariri, na jaribio la kwanza la fiziolojia nikapata 31. Kwa aibu nilinyamaza wiki tano nzima. Nilipomwendea mwalimu, alinipa karatasi akasema, "Nichoree moyo." Valvu zote nilizitaja kwa majina, lakini kuchora nikashindwa. Akanituma buchani nikanunue moyo wa mbuzi. Nilipoupasua nikaona ukuta wa kushoto mnene, wa kulia mwembamba. Upande wa kushoto unasukuma damu mwili mzima. Wa kulia unaipeleka mapafuni tu, hapo jirani. Nimestaafu, na bado nauona moyo ule.

Basi anza na mkono wako mwenyewe. Toka kifundo hadi ncha za vidole kuna mifupa 27: kifundoni 8, kiganjani 5, vidoleni 14, kwa kuwa dole gumba lina miwili na vidole vingine mitatu mitatu. Ipapase. Kisha funika kila kitu, uchore bila kuchungulia. Ulipokwama ndipo pa kurudia, kesho, na tena baada ya siku tatu. Mifupa ya mkono tu inatosha kwa sasa. Ninachotaka ufike chuoni ukiwa umezoea kusoma hivyo.

Maana kule hakuna mwalimu wa zamu wa kukuamsha uende prepo. Mhadhiri atamaliza mada nzima kwa saa mbili na kuondoka. Usiyoelewa Jumatatu, muulize mwenzako au yeye mwenyewe kabla ya Ijumaa. Usikae wiki tano kama mimi. Na jaribio moja baya halimdiskoshi mtu. Hata ukifeli somo, kwa kawaida kuna sapu, yaani mtihani wa marudio.

Kuhusu korosho, nakusihi umzuie baba asiuze kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada. Bei ile ni ya kumnyonya mwenye shida, na minada huanza Oktoba. Kompyuta inaweza kusubiri, za maktaba zipo. Hela kidogo iliyopo iwe ya kula wiki za mwanzo, kwani bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa hutapata wa kukukopesha mjini. Baba akikataa, mpe ukurasa huu ausome mwenyewe.