Lions hawajakosea kihivyo
Mnasema Lions, timu yetu ya Detroit kwenye NFL (futiboli ya Marekani), walichoma drafti ya 2023, ile ya timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, sababu kumchukua Gibbs, mkimbiza mpira, zamu namba 12 na Jack Campbell, mlinzi wa kati, namba 18 ni mapema mno, sawa, Campbell hata mimi ningesubiri kidogo. Ila angalieni biashara yenyewe, tuliwapa timu ya Arizona zamu namba 6 na 81 wakatupa 12, 34 na 168, na hiyo 34 ndo imetuletea LaPorta wa chuo cha Iowa, ni taiti endi (anazuia wapinzani na kupokea pasi), na tangu Hockenson aliyekuwa anacheza hapo aende timu ya Vikings nafasi hiyo ilikuwa wazi kabisa. Halafu beki Brian Branch kubaki mpaka namba 45 jamani!! Huyo ndo nampenda kuliko wote, anakaba, anaangusha watu, na ukuta wetu wa nyuma msimu wa 2022 ulitutesa sana.