Lugha ya kizamani jukwaani: gusa kitenzi kwanza

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimesoma The Crucible, tamthilia ya Mmarekani Arthur Miller kuhusu kesi za uchawi za mwaka 1692, wahusika wanaongea kizamani kweli kweli. Je ndo walivyokuwa wanaongea watu wa enzi ile au katunga tu? Nauliza kwa sababu naandika tamthilia ya kihistoria kwa Kiswahili, nimejaza maneno niliyoyatoa kwenye tenzi, sasa waigizaji wanayataja tu kama wanaita majina ya watu wasiowajua. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kazi. Katunga, ila hakutunga hewani. Mwaka 1952 Miller alienda Salem, mji wa Marekani, kusoma kumbukumbu za mahakama za zile kesi za uchawi, tamthilia ikatoka 1953. Lakini kumbukumbu ziliandikwa na makarani kwa ajili ya mahakama, mke na mume wakiwa nyumbani hawaongei vile, kwa iyo lugha ya nyumbani ilibidi aijenge mwenyewe. Angalia alivyofanya: maneno mengi ni ya kawaida kabisa, alichochezea sanasana ni vitenzi, anaweka "were" pale ambapo Mwingereza wa leo angesema "was", anakanusha mara mbili kwenye sentensi moja, halafu anatupia maneno machache tu ya enzi ile kama Goody, ambalo ndo walimwitia mwanamke aliyeolewa wa tabaka la kawaida. Mtazamaji anajua yuko zamani na bado hajapotea.

Wewe umeanza na msamiati, ndo maana waigizaji wamekwama. Chukua hii: "Nilienda kwake sikumkuta." Sasa iandike "Nalikwenda kwake, nisimkute." Hamna neno geni hata moja hapo, ukumbi mzima umeelewa, lakini aliyesema si mtu wa leo. Mi hiyo "nisimkute" naipenda mno, ina huzuni ambayo "sikumkuta" haina. Ongeza "yu wapi", ongeza "twaa" mara moja moja, basi.

Jingine, na hili naomba ulishike sana maana nimeliona kwenye skripti nyingi: usichanganye lahaja na ukale. Kwenye tenzi unakuta "mato" (macho) na "moya" (moja) unadhani ni Kiswahili kilichokufa, kumbe Lamu watu wanasema hivo mpaka leo. Ukimpa "mato" mhusika wa Kilwa hujamrudisha nyuma karne tatu, umemhamisha mji.

Halafu si lazima wote waongee kwa kiwango kimoja. Mzee wa baraza aongee kizito, kijana apunguze, na mambo yakifika shingoni wote warudi kwenye maneno mepesi. Kwa Miller, mzee Giles Corey anakandamizwa kwa mawe mpaka kufa, na anachosema mwisho ni kwamba aongezewe uzito, maneno mawili tu kwa Kiingereza, ya kila siku, na hakuna panapouma kama pale.

Kwenye mazoezi mpe muigizaji kazi ya mikono, afunge mzigo au akunje nguo huku anaongea. Neno linalomfanya asimamishe mikono ili alikumbuke, lifute usilionee huruma. Ukishapunguza nitumie onyesho la kwanza nilisome.