Nauza bodi za kuongeza nguvu za injini, je, pesa yangu ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina duka la vipuri Mombasa. Nauza bodi za kuunga kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ili injini ipate nguvu zaidi. Wateja wengi ni vijana wa Subaru. Nauza pia vile vidude vya kuchomeka chini ya usukani, vinavyosemwa kuongeza nguvu na kupunguza mafuta. Rafiki yangu asema yote ni haramu kwa kuwa vijana hukimbizana usiku.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Rafiki yako amepitiliza. Asili ya biashara ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Bodi hubadili kiasi cha petroli, wakati wa cheche na presha ya turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, basi. Mwenye gari la rali anayekwenda nalo Naivasha, muuzie bila wasiwasi.

Ila mweleze. Injini ya turbo ikiongezwa presha huku mwenyewe akitia petroli ya kawaida, huanza kugonga, yaani petroli hulipuka ovyo ndani yake, na pistoni yaweza kupasuka. Wewe walijua hilo, yeye halijui. Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema kimenyeshewa. Akamwuliza: kwa nini hukukiweka juu watu wakione? Kisha akasema: mwenye kughushi si katika mimi. Imo katika Sahihi Muslim.

Vile vidude ndivyo vilivyonitia shaka. Nilimwomba fundi mmoja anayeswali nasi anifungulie kimoja. Ndani mlikuwa na kitufe na taa tatu za kumwekamweka. Pini za kusoma habari za gari hazikuungwa popote. Mteja alilipia taa! Kama vyako ni hivyo, huo ni ghushi mtupu, hata ukivishusha bei.

Ama mbio za usiku, hukulazimishwa kumhoji kila mnunuzi. Lakini akikutamkia mwenyewe kaunta kwamba Jumamosi ana mashindano barabarani, usimuuzie. Allah amesema katika Suratul Maida, aya ya 2, tusisaidiane katika dhambi na uadui. Wanazuoni wengi hulifananisha na kumuuzia zabibu mtu unayemjua kuwa atazifanya mvinyo.

Waliokwisha kununua vidude, nambari zao unazo kwenye simu. Wapigie, uwarudishie pesa. Usiowapata, toa sadaka kwa niaba yao, na akitokea mmoja wao akidai, mlipe. Wallahu aalam.